Siku Niliyowapokea Wakwe Nikiwa na Mkia

Jamani, aibu nyingine mtu unaifukia mpaka inaoza yenyewe, lakini hii yangu haifukiki, maana nusu ya Dongobesh iliiona kwa macho na nusu nyingine iliifuata kwa miguu mpaka nyumbani kwangu, kwa hiyo bora niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wale wanaoongeza chumvi (nawajua, wengine tunakaa nao benchi moja kanisani). Mimi ni mtu mzima, nimezaa, nimezika mume, nimelea wajukuu, ng'ombe wangu wananiogopa, na hata mwenyekiti wa kitongoji akipita kwangu anavua kofia. Basi ni mimi huyo huyo niliyewapokea wakwe nikiwa na mkia.

Ilikuwa hivi. Mjukuu wangu Veronika, binti wa mwanangu wa kwanza, alipata mchumba kule Gitting, upande wa Hanang, kijana anaitwa Daniel, mkulima wa viazi, mpole, mikono mikubwa ya kazi. Mimi nilimkubali siku ile ile alipokuja mara ya kwanza, kwa jinsi alivyokunywa chai, alimaliza kikombe akaomba kingine bila kujifanya. Shida haikuwa Daniel. Shida ilikuwa shangazi yake, Mama Rebeka, ambaye ndiye aliyemlea baada ya mama yake kufariki, na katika ukoo wao akisema ndiyo ni ndiyo, akisema hapana watu wanavaa viatu wanaondoka. Huyu mama tulisikia alishamkataa binti mmoja mzuri tu, eti kwa sababu bibi yake alipokea wageni huku anatafuna. Kutafuna! Na sisi alitutumia neno kabisa, kwamba Jumamosi anakuja na mshenga kuleta posa, ila anataka kwanza amwone bibi, maana ukimwona bibi umeiona nyumba yote.

Mnaona mzigo niliotwishwa?

Asubuhi ya siku hiyo Veronika alinifuata jikoni nikichochea moto, akachuchumaa karibu yangu.

"Bibi, leo tafadhali, usiwe wewe."

"Nisiwe mimi, niwe nani?"

"Uwe mtulivu. Usimwulize mtu kwa nini amenenepa. Usisimulie habari za yule fisi. Kaa tu kama picha ya ukutani."

Alikuwa anacheka, lakini mikono yake ilikuwa inakunja na kukunjua kitambaa cha meza, na nikajua huyu mtoto anampenda yule kijana kweli kweli, siyo mchezo. Nikamwambia, "Leo utaona bibi wa kwenye kalenda." Nikamaanisha.

Sasa, kwetu umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake, simu yangu imezima, na mshenga, Mzee Sulle, alikuwa amesema atanipigia wakikaribia. Halafu sukari nayo ilikuwa imebaki ya kufunika kitako cha kopo. Nikajifunga shuka langu zito jekundu juu ya gauni (mwezi wa saba huku kwetu upepo unakata masikio), nikateremka senta, nikanunua sukari, nikaenda kwa Fabiani kuchajisha simu. Fabiani ana sola kubwa juu ya kibanda, na chini ya ile sola anafanya biashara mbili, anachaji simu na anachezesha gemu. Akaniambia, "Bibi, ipate moto kidogo tu nitakupa. Kaa nje hapo uote jua, au ingia ndani kwenye benchi."

Ningekaa nje. Jua lilikuwepo, kiti kilikuwepo. Lakini nilisikia watu wanapiga kelele kule ndani kama kuna harusi, na mimi kelele za furaha siwezi kuzisikia nikaziacha zipite. Nikaingia.

Nikakuta runinga kubwa, na ndani yake wanaume wanacheza mpira wa kikapu barabarani, kwenye uwanja wa saruji wenye uzio wa waya na kuta zimechorwa chorwa rangi. Lakini siyo mpira wa kikapu kama ule wa shule ya sekondari, wapi! Hawa wanaruka mpaka juu ya nguzo ya taa, wanageuka huko angani kama chapati, mpira wenyewe unawaka moto, wanaupigilia chini kwenye kile chuma cha goli mpaka ukuta unatikisika. Na aliyekuwa anawachapa vijana wote siku hiyo ni Mwalimu Hamisi, kijana wa Tanga aliyeletwa hapa kufundisha hesabu, mtu safi, shati limenyooshwa, lakini mdomo! Akikufunga anakupa pole. "Pole ndugu yangu, kanywe maji, maisha yanaendelea." Ile pole yake ilikuwa inaniwasha mimi ambaye hata sichezi.

Mara akaja mteja wa vocha, na Fabiani alikuwa katikati ya kucheza na huyo Mwalimu. Akanisukumia mikononi ile rimoti yake ya kuchezea (vijana wana jina lake, mimi naiita rimoti, ina vitufe na waya mrefu unaoingia kwenye mashine). "Bibi, nishikie."

Nikashika.

Mwalimu Hamisi akaniangalia. "Shikamoo bibi. Leo nacheza na wewe?"

"Marahaba. Mimi nashikilia tu."

"Haya, shikilia vizuri. Sitakufunga mengi, nakuheshimu."

Ananiheshimu! Nikamwuliza Fabiani, aliyekuwa bado anahangaika na chenji, "Wewe, refa wa hapa yuko wapi?" Akasema hakuna refa bibi, huu ni mpira wa mtaani. Kusukumana je? Ruksa. Kumpokonya mtu? Ruksa, unabonyeza hiki hapa. Nikasema kumbe, huu ni mchezo wa foleni ya bombani, mbona huo nimecheza ujana wangu wote.

Basi nikaangalia watu wangu mle ndani ya runinga, nikaona mmoja mfupi, kifua kipana, miguu ya matege, amejifunga kitambaa kichwani, akawa ni marehemu mume wangu mtupu kabla hajaanza kuumwa mgongo. Nikamwita kwa jina lake. "Boay! Boay, sukuma huyo mrefu!" Nikabonyeza kile cha kupokonya na sikukiachia. Boay akamsukuma mrefu wa Mwalimu akalala chali, akachukua mpira, akaruka (sijui nilibonyeza nini, msiniulize), akapanda, akapita uzio, akapita nguzo ya taa, akaning'inia kwenye kile chuma kwa mkono mmoja huku moto unawaka, na kibanda kizima kikalipuka. Watu walinipiga mgongoni. Mimi mwenyewe nilijikuta nimesimama napiga vigelegele na sukari imeanguka chini.

"Pole mwalimu," nikamwambia. "Kanywe maji."

Hapo ndipo nilipopotea. Sikurudisha rimoti. Fabiani alikuja kuidai nikamkwepesha bega. Mwalimu akakunja mikono ya shati, mimi nikazidi kumwita marehemu, na kwa kuwa nilikuwa nainuka na kukaa, nainuka na kukaa, shuka likaanza kulegea. Mpira uko hewani, nikaweka rimoti pajani, nikalishika shuka kwa haraka, nikalizungusha kiunoni, nikapiga mafundo mawili ya nguvu bila kuangalia, macho yote kwenye runinga. Nikaokota rimoti nikaendelea. Kumbe kwenye lile fundo nilifunga na waya.

Mwalimu alinyamaza kabisa, uso wake umekuwa kama wa mtu aliyesahau hesabu yake mwenyewe ubaoni, na Fabiani akaniita, "Bibi, simu yako inaita!" Nikaipokea kwa sauti kubwa kama mshindi.

"Mama," akasema Mzee Sulle taratibu sana, "tumekaa hapa sebuleni kwako. Tumepiga sana ulikuwa hupatikani. Wewe uko wapi?"

Nyuma yake nikasikia sauti ya mwanamke inasema, "Bibi mwenyewe hayupo?"

Jamani! Nikaiona sura ya Veronika na kile kitambaa chake cha meza. Nikatupa kila kitu nikatoka mbio, sukari nikaiacha, na pale mlangoni nikasikia nyuma yangu kitu kimefyatuka "tap!", nikadhani ni goti.

Sasa nipeni nafasi niwaeleze nilivyopanda ule mlima. Natembea haraka, nguo inapepea, na huku nyuma kitu kinanigonga kisigino, tap, tap, tap. Shuka langu lina nyuzi ndefu za pembeni, nikajua ni nyuzi hizo zimeloa umande zimekuwa nzito. Nikageuka kidogo, nikaona Fabiani anakuja nyuma yangu, na Mwalimu Hamisi amebeba sukari yangu, na kibanda kizima cha vijana wamepanga mstari.

"Shikamoo bibi," akasema Fabiani.

"Marahaba."

"Bibi, samahani, huko nyuma..."

"Huko nyuma nimewapiga, najua. Kesho mtakuja mfundishwe tena."

Wakarudi hatua. Wakanong'ona. Akasogea mwingine. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu." "Bibi, tunaomba tu, kama hutajali, usimame kidogo..." "Sisimami, nina wakwe!" Na hivyo hivyo mpaka juu, kila mmoja ananisalimia upya kwa adabu, anashindwa kumalizia, mimi naitikia na kusonga mbele. Na hata mkiniuliza kwa nini hawakunivuta tu wakachukua mali yao, nitawauliza ninyi: nani kati yenu angethubutu kumshika bibi yake nguo kwa nyuma, mchana kweupe, njiani? Hakuna. Mimi nikawa nafikiri wananisindikiza kwa heshima. Nilinyoosha shingo kabisa. Akina mama waliokuwa wanapalilia walisimama wakaniangalia, nikawapungia mkono.

Nikafika kwangu. Vijana wakabaki nje ya ua wa minyaa, maana pale penye posa mtu haingii hovyo. Nikavuta pumzi, nikajikumbusha kuwa mimi ni picha ya ukutani, nikaingia sebuleni.

Mama Rebeka alikuwa amekaa wima kwenye kochi kama amemeza fimbo, kilemba cheupe. Pembeni Mzee Sulle na koti lake. Mkwe wangu, mama yake Veronika, alikuwa anamimina chai kidogo kidogo ili isiishe. Veronika mwenyewe alikuwa chumba cha ndani, mlango umefungwa, kwa sababu binti anayeposwa hatoki mpaka aitwe. Na hapo ndipo penye kisa chote, mnisikilize. Mle ndani mtu pekee wa kuniambia "bibi jiangalie nyuma" alikuwa Veronika, maana bibi na mjukuu ni watani, hakuna kisichosemeka. Wakwe hawawezi kuninyooshea kidole makalioni. Mkwe wangu ndiyo kabisa, tangu aolewe hajawahi hata kunigusa shuka. Na wa kuweza amefungiwa!

Nikainama kumsalimia Mama Rebeka kwa heshima zote, na nilipoinama rimoti ikapiga mguu wa meza, ko! Nikadhani ni kikombe. Mama Rebeka akachukua ncha ya kanga yake akaiweka mdomoni. Nikasema moyoni, tayari, amekasirika kwa kuchelewa. Nikageuka kumsalimia Mzee Sulle, ko! Mzee akainua miguu yake yote miwili juu kama anayepisha kuku. Mkwe wangu akawa ananitolea macho, anaangalia chini, ananiangalia, anaangalia chini.

"Mwongeze mgeni chai," nikamwambia, "usikodoe."

Kwa kuwa vichwa vya vijana vilikuwa vimejaa juu ya ua, nikaona niwaeleze wageni. "Hao ni vijana wa hapa. Wananiheshimu sana, kila ninakokwenda wananifuata."

"Tumeona," akasema Mama Rebeka kupitia kanga.

Mzee Sulle akaleta maneno yake ya posa, mazuri tu, kwamba wameona ua kwetu na wao wana bustani isiyo na ua, lakini alikuwa anayasema akiangalia dari. Mimi nikajibu kwa utulivu mpaka nikajishangaa. Sikuuliza nani amenenepa. Fisi sikumtaja. Nikasema, basi aitwe binti mwenyewe aulizwe kama anawafahamu wageni hawa. Nikasimama niende kumgongea mlango, nikawapa wageni mgongo wote.

Veronika akatoka amejitanda kanga, macho chini kama inavyotakiwa, akapiga magoti nyuma yangu. Mzee Sulle akauliza, "Binti, unawafahamu hawa, na je, tunywe chai ya nyumba hii kwa furaha?"

Mara nikasikia mlio kama wa birika linaloanza kuchemka. Nikageuka. Mjukuu wangu, siku ya posa yake, mbele ya shangazi wa mume, alikuwa ameinama mpaka kichwa kimegusa mkeka, mabega yanamtetemeka, anacheka mpaka machozi.

Mama Rebeka akasimama. Mzee Sulle naye akasimama. "Binti anacheka posa?" akauliza Mzee, na sauti yake sasa haikuwa na ua wala bustani. "Tumetoka Gitting alfajiri. Kama jibu ni hilo, tuambiwe."

Mkwe wangu akaweka birika chini. Nikaona shughuli yote inateleza, nikaona Daniel na mikono yake anaambiwa kuwa tumemcheka. Nikawaka.

"Veronika! Unacheka nini wewe?"

"Bibi," akasema, hawezi hata kupumua, "bibi, una mkia."

Nikajishika nyuma. Nikageuka kuutazama, nao ukageuka na mimi, nikazunguka tena, ukazunguka tena, ukagonga meza, ukagonga goti la Mzee Sulle akasema "Yesu!", na mwishowe nikaunasa, nikauinua mbele ya wageni, na ndiyo nikaona ninachokishika. Vitufe vyake vyote. Waya wake umeingia kiunoni mwangu kama mshipi. Nikakumbuka kila "shikamoo bibi" ya njiani, moja moja, na wale akina mama niliowapungia mkono. Nilitamani ardhi inimeze, nitokee Arusha.

"Hicho ni nini?" akauliza Mama Rebeka.

Ningeweza kusema ni kitu cha redio. Ningeweza kuwasingizia vijana. Lakini Veronika alikuwa ameacha kucheka, ameinua uso, ananiangalia kwa hofu tupu, na nikaona kama nitadanganya na ikajulikana baadaye, yeye ndiye atakayelala nao ule uongo kule Gitting, siyo mimi.

"Ni cha gemu," nikasema. "Ndiyo maana nimechelewa. Nilikwenda kuchaji simu, nikacheza mpira wa kikapu kwenye runinga, nikasahau wakwe. Mtoto huyu hana kosa, anacheka mkia wangu. Na hata hivyo nilimshinda mwalimu wa hesabu."

Upepo unapiga bati. Halafu Mzee Sulle akakaa taratibu, akakohoa.

"Ngapi kwa ngapi?"

"Sikuangalia. Nilijua nimeshinda alipoacha kuongea."

"Nilimwachia kwa heshima!" ikasikika sauti ya Mwalimu Hamisi juu ya ua. "Na hodi, nimeleta sukari!"

Hapo Mama Rebeka akaachia ile kanga mdomoni, na kumbe hakuwa amekasirika, alikuwa anazuia kicheko tangu nilipoinama mara ya kwanza. Alicheka akashika kochi, akacheka kilemba kikahama, akajipiga mapaja. "Mama yangu," akasema, "mimi nilidhani ni mila yenu! Nilidhani bibi wa ukoo huu akipokea posa anajifunga kitu hicho. Nikasema moyoni, Mama Rebeka, nyamaza, usiulize, utawatukana wenyeji!" Na Mzee Sulle akakiri kuwa yeye alidhani ni dawa, ndiyo maana alikuwa anakunja miguu isimguse. Basi hapo hata mkwe wangu akacheka, yeye ambaye huwa anacheka sikukuu tu.

Mama Rebeka alipopata pumzi akamgeukia Veronika. "Haya, binti. Umetucheka au umetukubali?"

"Nimewakubali, shangazi," akasema Veronika, akafuta macho, na safari hii aliinamisha kichwa kweli. Vijana nje wakashangilia kama vile Boay amepaa tena.

Tulikunywa ile chai kwa sukari ya Mwalimu. Fabiani aliitwa ndani akashindwa kulifungua lile fundo, Mama Rebeka akalifungua yeye mwenyewe kwa meno, mimi nimesimama mlangoni nimeshika kichwa. Kabla ya kuondoka alitaka aone hicho kibanda kilipo. Mkimwona Jumamosi pale Dongobesh, akiwa na kilemba chake, anamsukuma Mwalimu Hamisi kwenye uzio wa waya, msishangae, ni mkwe wangu.

Mimi nimejiapiza. Siyo kuacha kucheza, hapana, nani atamtunza Boay wangu? Nimejiapiza kwamba shuka na gemu kwangu havitakutana tena. Nikiingia kwa Fabiani naliacha nje kwenye msumari na ninacheza na sweta, na nikiondoka nainua mikono kama mtu anayepekuliwa mpaka wanihakikishie niko mzima pande zote. Na kijana yeyote akinipa shikamoo njiani, sasa ninasimama, ninaitikia, halafu ninamwuliza, "Na lingine?"

Siku ya harusi, gari la kutoka Gitting limeshafika, watu wanaimba nje, Veronika katika gauni lake jeupe alikataa kutoka. Mama yake akaogopa, akadhani mtoto amebadili mawazo. Veronika akasema hapana, aitwe bibi kwanza. Nikaingia, nimependeza, kitenge kipya, shuka jipya begani. Nikajua ananiita tulie pamoja.

Akashika mabega yangu, uso wake umelowa tayari.

"Geuka, bibi," akasema.

Nikageuka. Akanikagua nyuma kutoka shingoni mpaka kwenye visigino, akanyoosha shuka, akalifunga fundo yeye mwenyewe, taratibu, anaangalia anachofunga.

"Haya," akasema. "Sasa tunaweza kwenda."